Kambale wa Kwenye Chungu

Mwanangu Kahindo,

Umetoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na jinsi ninavyowajua, hawatakuachia kabla hamjaimba nyimbo zote mnazozipenda na mbili tatu msizozijua vizuri. Kwa hiyo nina nafasi. Valizi yako iko mlangoni, nimeizungushia kamba kwa sababu zipu ile siiamini. Gari la Beni linaondoka kesho asubuhi. Mambo ya chandarua, ya maji ya kunywa, ya kutotembea giza likishaingia, nimeyasema kwa mdomo hadi ukaanza kunimalizia sentensi. Sitayarudia hapa.

Nakuandikia habari za Kambale. Huyu aliye kwenye chungu, na yule mwingine pia, maana nimejaribu kuwatenganisha na nimeshindwa.

Jana ulichutama kando ya chungu, ukamulika ndani kwa simu, ukakaa hivyo muda mrefu. Halafu ukasema bila kugeuka, "Mama, kama kesho hatakula, mi siende. Poste bapatie mutu mwingine." Nilijua hufanyi mzaha. Umeshaahirisha safari mara moja kwa ajili yake, na kituo cha afya kilichokupa kazi kikakusubiri. Hakitakusubiri tena, umenisomea ujumbe wao wewe mwenyewe. Leo ukirudi utafungua mlango, na kabla hujavua viatu utauliza, "Amekula?" Na mimi ninalijua neno ambalo ulimi wangu umeshaliandaa.

Kidogo.

Hapa kwetu neno hili linafanya kazi nyingi. Mtu akiuliza habari za mgonjwa unajibu "Kidogo," naye anaitikia kwa kichwa na kuendelea na njia yake. Hujasema amepona, hujasema anakufa. Inaweza kuwa nafuu kidogo, inaweza kuwa uhai kidogo. Nimefundisha Kifaransa nusu ya maisha yangu, nimesoma kamusi kama wengine wanavyosoma magazeti, na sijaona neno la lugha yoyote linaloweza kumficha mtu namna hii. Nimekaa ndani yake miaka mingi. Unajua.

Unakumbuka alivyokuja. Mjomba wako Kasereka alikuwa bado anakwenda China kununua bidhaa, na safari moja akarudi na termosi mbili za mdomo mpana ambazo hakumruhusu mtu azibebe. Ndani ya kila moja mlikuwa na kiumbe wa urefu wa kidole, mweupe mwenye wekundu kwa ndani, kichwa kipana, miguu minne ya mjusi, na pande zote mbili za shingo matamvua yaliyosimama kama manyoya ya ndege. Mdomo wake umekatwa kwa namna ambayo huwezi kuamini kwamba hacheki. "Aksolotli," mjomba wako akatuambia, akilitamka kama mtu anayetafuna mfupa. Aliwaweka dukani ndani ya sanduku la kioo lenye maji ili wateja waingie kuwaangalia na kutoka wamenunua. Wateja waliingia, wakaangalia, wakatoka.

Mmoja alikufa. Kisha barabara ya kusini ikafungwa na vita, wateja wa huko hawakupanda tena, na mjomba wako akafunga duka. Wewe ukaja na aliyebaki ndani ya ndoo yenye kifuniko, umepanda pikipiki, ndoo umeibana kwa magoti, umelowa hadi kiunoni. Mjomba wako alikuwa nyuma yako kwenye pikipiki nyingine, anacheka.

"Sasa ataitwa nani?" akauliza.

"Kambale," ukasema.

Mjomba wako akaacha kucheka. Mimi nikasema, "Mupatie jina ingine."

"Mama, huyu ni wa pili. Wa kwanza alikufa kule duka. Kwetu mutoto mwanaume wa pili anaitwaka nani?"

"Unajua aje kama ni mwanaume?"

"Ninajua."

Ulikuwa umeishika desturi yetu upande wake wenye makali. Wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, hakuna anayejadili. Niliingia chumbani nikakunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba hii. Nje ya nyumba nilikuwa nalisikia kila siku. Mji huu mzima wa Butembo unaita jina la mwanangu. Ukiwa sokoni mtu akipaza sauti "Kambale!" vichwa vingi vinageuka: wasukuma mikokoteni, wauza makaa, baba mtu mzima mwenye tai. Mimi nami nilikuwa nageuka. Sijawahi kukuambia hilo, lakini nadhani uliliona, kwa sababu ulikuwa unanishika mkono sokoni hata ulipokuwa mkubwa kunizidi.

Kisha nyumbani ukaanza kuita. "Kambale, njoo ukule." "Kambale, usijifiche." Siku za kwanza nilikuwa natoka nje. Baadaye nikawa nabaki. Siku moja Mwalimu Ilunga, jirani yetu, alipita kukuomba kalamu akakusikia. Yeye ametumwa huku na serikali kutoka Katanga, na mambo yetu ya majina hakuwa ameyazoea.

"Kambale?" akasema, akichungulia ndani ya beseni. "Mais, Mama Paluku, kwetu kambale ni samaki ya ndevu! Tunamukaangaka na tomate!"

Ulicheka hadi ukakaa chini. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Jioni mtu akamweleza. Kesho yake alikuja akasimama mlangoni, kopo la nyanya mkononi, limejaa minyoo ya udongo aliyoichimba nyuma ya darasa lake. "Pardon, Mama. Usinifunge roho. Nilikuwa sijue." Akanipa kopo. "Ni ya Kambale," akasema, na hakueleza Kambale yupi.

Sasa nije kwenye ugonjwa, ambao niliuleta mimi. Haya nayo unayajua, lakini ulikuwa na hasira siku ile, na mtu mwenye hasira anasikia kosa, hasikii lilikotoka.

Mimi ni mtu wa Beni. Nimezaliwa kwenye joto. Kule sikuwahi kuwa na sweta. Sikujua hata kifungo chake kinafungwa upande gani. Kuishi kwangu huku juu, na ukungu huu wa asubuhi unaoingia chini ya mlango, hakujawahi kuwa kuzoea. Mifupa yangu haijahama. Kwa hiyo mvua zilipoanza, nikamwona Kambale amelala chini kabisa ndani ya beseni, hajongei, miguu ameikunja, nilisema moyoni: huyu anasikia baridi. Ulikuwa kwenye zamu ya mafunzo hospitali, hukurudi kulala. Nikambeba na beseni lake hadi jikoni, nikamweka karibu na mbabula yenye makaa, na usiku nikalifunika beseni kwa blanketi langu mwenyewe, lile la kijivu. Nililala bila blanketi, Kahindo. Niliona fahari kufanya hivyo.

Ulipoingia ulitia mkono majini hata hujanisalimia.

"Mama! Unamupika! Maji iko moto!"

"Alikuwa anatetemeka."

"Haiko anatetemeka! Huyu ni wa baridi! Baridi njo maisha yake! Kwa nini hukuniuliza?"

Kwa nini sikukuuliza? Kwa sababu nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimemtazama kiumbe asiye na namna ya kuniambia lolote, nikamtilia shida yangu mwenyewe, kisha nikamtibu. Butembo hii ninayoilalamikia ndiyo hewa aliyoihitaji. Ungempeleka Beni angekufa ndani ya juma. Yeye ndiye mtu wa hapa, na mimi mgeni.

Nikitazama nyuma, naona nimewafanyia hivyo watu pia. Kaka yako Paluku alipotaka kwenda Bunia kutafuta kazi, nilimshikilia hapa kwa machozi, nikidhani anaogopa safari, kumbe aliyekuwa anaogopa ni mimi. Akaondoka akiwa amechelewa na amechoka nami. Wewe utakuwa muuguzi. Utakuwa na mikono mizuri, nimeiona. Siku utakapokuwa na hakika kubwa kwamba unajua mgonjwa anachosikia, mkumbuke mama yako na blanketi lake la kijivu. Sina la kuongeza hapo.

Baada ya siku ile matamvua yake yakaanza kuota kitu cheupe kama pamba, mkia ukajikunja nchani, na akakataa minyoo. Ulinifundisha nami nikajifunza. Maji ya chemchemi, na yakiwa ya bomba yaachwe kwanza yakae wazi ili dawa itoke. Kumwosha kwa maji ya chumvi, muda mfupi tu. Kivuli. Utulivu. Chungu lilikuwa wazo langu, na niruhusu nijivunie kwa hilo moja: mama yangu alipoza maji hivyo kijijini, chungu cha udongo kilichofungwa gunia lililoloweshwa, kwenye kona isiyofikiwa na jua. Ulipotia mkono ukasema, "Eh, Mama. Ni kama frigo," nilifurahi kuliko ninavyopaswa kufurahi katika umri wangu.

Halafu ile dawa yako ya chai. Nilikuwa uani napoza sufuria ya chai nyeusi, nikiipepea kwa sahani, Mwalimu Ilunga akaegemea ua.

"Mama Paluku, ile chai ya nani?"

"Ya Kambale."

"Kambale anakunywaka chai?"

"Anaoga ndani."

"Ah! Na sukari?"

"Bila sukari."

"Maskini," akasema. "Mwezi hii mushahara haikutoka, miye pia nakunywa bila sukari. Mumwambie tuko pamoja."

Tuliishi hivyo, tukibadilisha maji na kuangalia kama pamba imepungua. Kuna juma pamba ilipungua kweli. Alikula mnyoo mmoja mkononi mwako, ukaniita kwa kelele za furaha hadi nikaacha unga ukaungua. Kisha ikarudi.

Sasa yule mwingine.

Kaka yako alikuwa shambani siku ile tuliyokimbia. Baba yenu alikuwa ameshafariki, na kakao ilikuwa imekauka nusu juu ya turubai. Wezi walikuwa wengi msimu ule, kwa hiyo Kambale alikuwa analala kwenye kibanda cha shambani kuilinda. Alikuwa na umri wa kupenda kulala peke yake na redio. Milio ya risasi ilitoka upande ule. Watu walitoka wakikimbia upande wetu, na hakuwa miongoni mwao. Nilikushika wewe, Paluku akabeba godoro, tukaingia barabarani pamoja na wengine wote. Sikuona mwili. Hajaja mtu aliyeuona. Hicho ndicho ninachokijua, na ni hicho tu. Mengine yote niliyowahi kuyasema niliyatunga.

Nilikuambia yuko kwa ndugu zetu kule Kasugho, msituni, anasaidia shamba, atakuja njia ikifunguka. Ulikuwa mdogo na ulikuwa na homa. Nilidhani ni neno la siku mbili. Ulikuwa unamwekea nyama yake pembeni ya sahani. Ulikuwa unaniuliza kila jioni, "Mama, Kambale iko aje?" Nami najibu, "Kidogo." Ukilala, nami namuuliza Mungu vilevile, na ninajijibu vilevile.

Iliendelea mpaka siku uliyoacha kuuliza. Ulikuwa umetoka shule. Mtoto mmoja wa kijijini kwetu alikuwa amekuambia wanavyosema watu, kwamba Kambale hakutoka shambani. Ulivua viatu, ukachukua ufagio, ukafagia uwanja wote hadi kwa jirani. Nilikuwa dirishani. Niliona mgongo wako nikajua kwamba unajua, na bado sikutoka nje. Jioni ulikula sahani yote, na hukuweka nyama pembeni.

Hapo ndipo ninaporudi mara nyingi. Uongo wa kwanza nauelewa. Mwanamke barabarani na mtoto mwenye homa anasema analoweza. Siku ya ufagio ndiyo siielewi. Mlango ulikuwa wazi. Ningetembea hatua chache tu, tukalia pamoja. Badala yake nilikuachia ulie peke yako ukifagia vumbi la watu wengine.

Kesho unashuka kule. Utakuta kakao imeanikwa kando ya barabara, na ile harufu yake, chachu kama pombe iliyosahauliwa, itakuingia puani, na utakuwa mtoto tena kabla hujajiandaa. Usiogope ikikutokea mbele za watu. Tena nilikusikia ukimwambia rafiki yako, ukuta wetu ni mwembamba, kwamba ukifika utamuulizia kaka yako. Utawauliza watu wa kijijini waliobaki Beni mjini, na kila mgonjwa anayetoka upande ule. Nilikaa kitandani nikiwa na maneno mawili mdomoni, uende na usiende.

Sikukatazi. Ila shambani usiende. Ardhi ile bado si ya kukanyaga, na sitaki nihesabu wawili. Lakini ukiuliza, na siku moja mtu akakujibu, nipigie. Siku hiyohiyo. Usingoje hadi uje likizo. Usianze kwa kuniuliza kama nimekaa, kama nimekula, kama niko na mtu. Usinipoze kama chai. Sema lilivyo, kwa jina lake. Na ukiuliza miaka yote usijibiwe, niambie hivyo pia: Mama, sijui. Ukiniambia "kidogo" nitajua kwamba ulijifunza kwangu, na sitakuwa na haki ya kukulaumu.

Siwezi kukuomba hilo nikiwa na mkono mtupu. Kwa hiyo naanza mimi.

Hajakula. Asubuhi nilimshikia mnyoo mbele ya mdomo kama unavyofanya, taratibu, nikitingisha, akageuza kichwa. Mchana nilimchagulia mwembamba zaidi. Hakugeuza hata kichwa. Matamvua ya kushoto yamebaki vijiti. Tangu mchana anaelea upande, na nikigusa maji anachelewa kujirudisha. Nimelowesha gunia, nimembadilishia maji, sijamsogeza popote, sijamfunika na chochote. Nadhani anakufa, Kahindo. Nadhani ni juma hili, na wewe hutakuwepo.

Utakwenda hata hivyo. Ningeweza kukuambia amekula, ungepanda gari kwa moyo mwepesi, na kila ukipiga simu ningekuwa na jibu langu la neno moja tayari. Ningeliendeleza kwa miezi, nina uzoefu. Kule Beni ungekuwa unamwekea nyama pembeni ya sahani. Hapana. Nenda ukiwa na huzuni. Huzuni inapanda gari, inafanya kazi zamu nzima, inajua kudunga sindano. Nimefundisha madarasa mengi nikiwa nayo na wanafunzi walifaulu. Kinachomkalisha mtu mlangoni ni kungojea.

Mimi nitabaki naye. Nitambadilishia maji hadi mwisho, maji baridi. Akifa nitakuambia siku hiyo, nitamzika uani chini ya ukuta pasipofikiwa na jua, na Mwalimu Ilunga ameshasema atachimba. Nimeamua kwamba siku hiyo nitasema jina lake kwa sauti, mara moja, uani, majirani wasikie. Watadhani ni la mnyama. Wewe utajua kwamba ni la wote wawili.

Nasikia sauti yako njiani. Unacheka na mtu, kisha unaagana naye, kisha kimya kile cha mtu anayetafuta komeo gizani. Nitaiweka barua hii juu ya valizi, chini ya fundo la kamba, uisome garini. Lakini swali lako nitalijibu kwanza kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama, kabla hujavua viatu.

Mama yako,
mama wa Paluku, na wa Kambale